Ya Ngoswe Hatumwachii Ngoswe

Nilikulia nyumba ya kupanga, Dar es Salaam, ile ya vyumba sita vinavyotazamana, korido katikati, choo na bomba uani. Ukuta wa nyumba kama ile hausitiri kitu. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anajua kuwa kifua chake kimebana. Basi usiku jirani yetu wa chumba cha tatu alipokuwa akimpiga mkewe, wote tulisikia, na wote tulijibu kwa namna moja: redio zilipanda sauti. Asubuhi mama yule alikuja bombani kanga ameishusha hadi kwenye nyusi, nasi tukampisha achote kwanza. Hakuna aliyemtazama usoni. Msaada wetu ulikuwa huo tu, kumpisha kwenye foleni ya maji.

Usiku mmoja mama mwenye nyumba alitoka na chemli yake, akagonga mlango wa chumba cha tatu. "Hodi humu! Baba, naomba kiberiti." Ndani kukawa kimya. Akagonga tena. Mlango ukafunguliwa, mwanamume akamnyooshea kiberiti, na mama wa watu amesimama pale, chemli inawaka mkononi mwake, watu wote wa korido tunaiona. Akakipokea. Akauliza habari za watoto, akauliza kama maji yatatoka kesho, akasimama na kusimama mpaka jazba ya mle ndani ikapoa. Aliirudia hodi yake kila ilipobidi.

Nimekuja kuwasoma na kuwasikiliza watu waliotumia maisha yao yote kupambana na ukatili wa majumbani, na kila nikiitazama kazi yao naikumbuka chemli ile. Wachache kati yao walishughulika na mume na mke peke yao. Sehemu kubwa ya umri wao waliitumia kwa sisi wa kwenye korido, tuliokuwa tukipandisha redio. Wamekutana na maneno yaleyale miaka yote, bombani, kanisani, msikitini, kituoni na kwenye vikao vya ukoo. Nayaandika hapa tuyapime, lipi kweli na lipi si kweli.

"Sheria inamruhusu mume kumrudi mkewe, mradi asimuumize."

Si kweli, na haijawa kweli kwa zaidi ya nusu karne. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania kinasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Hakuna "kwa kiasi". Hakuna "kofi moja la kumfundisha". Sheria ilitamka mila kwa jina lake, kwa sababu waliotunga walijua ni wapi watu watakimbilia kujitetea.

Lakini kifungu kimoja hakiwezi kushindana na kungwi, shangazi na wimbo wa unyago. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016, wanawake na wanaume wa Tanzania waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu hizi: kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kuaga, kutowaangalia watoto, kumnyima unyumba. Wanawake asilimia 58 walikubali angalau sababu moja. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Soma tena namba hizo. Wanaopigwa ndio waliokubali kwa wingi zaidi, na mimi siwashangai, kwa kuwa najua walivyofundwa. Mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba kipigo ni stahili yake hatakwenda kumshitaki anayempa stahili yake.

"Haya ni mambo ya ndani. Ya Ngoswe mwachie Ngoswe mwenyewe."

Si kweli. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na nitakaa hapa kidogo.

Shirika la Afya Duniani lilipofanya utafiti wake mkubwa wa nchi 10, uliotolewa mwaka 2005, Tanzania ilikuwamo: Dar es Salaam na Mbeya. Utafiti wa namna hiyo hauingii nyumbani kwa mtu kwa jina lake halisi. Wahoji waliagizwa waseme wanachunguza afya ya wanawake na maisha yao. Katika kila nyumba alihojiwa mwanamke mmoja tu, faraghani, na mtu akiingia ghafla maswali yaligeuzwa. Mume angejua kilichoulizwa, yule mama angelipia usiku huohuo. Fikiria hali hiyo: wataalamu waliofundishwa wanalazimika kunong'ona ndani ya nyumba ya mwanamke ili wamuulize kama anapigwa.

Majibu yalikuwa mazito. Kati ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mpenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 Mbeya walikuwa wamewahi kupigwa au kulazimishwa na mwenzi wao. Na katika maeneo yote yaliyochunguzwa, kati ya sehemu moja ya tano na theluthi mbili ya waliopigwa hawakuwahi kumweleza mtu yeyote hadi siku alipobisha hodi mgeni mwenye karatasi. Jambo linalotokea katika karibu nusu ya nyumba za mji haliwezi kuitwa la Ngoswe. Ni la mtaa.

Miongoni mwa wa kwanza kulitoa hadharani kwa mpangilio nchini Tanzania walikuwa waandishi wa habari. Mwaka 1987 kikundi cha wanawake wa vyombo vya habari, Fatma Alloo akiwa mmoja wa waasisi, kilianzisha chama cha TAMWA. Mwaka uliofuata wakatoa gazeti lao, *Sauti ya Siti*. Jina walilichukua kwa mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, na hawakulichukua kwa mapambo. Siti ndiye aliyeimba habari za Kijiti, kisa cha kweli cha Unguja cha mwanamke mgeni aliyeuawa, Kijiti, muuaji wake, akavuka kwenda bara, na wanawake waliotoa taarifa ndio walioishia kuhukumiwa kwa sababu ya pombe iliyonywewa siku hiyo. Mahakama ya mkoloni ilifunga jalada. Taarabu ililifungua tena, na watu wakawa wanalisikia arusini.

Wale wa TAMWA walifanya jambo lilelile kwa kalamu na redio. Waliandika habari ambazo wahariri wengi walikuwa wakizitupa kama umbea wa jikoni, wakazirudia mwaka baada ya mwaka, wakishirikiana na wanasheria wanawake na wanaharakati wengine, hadi Bunge lilipopitisha sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana mwaka 1998. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi tangu 1987. Katika miaka hiyo kuna watu walioingia kazini wakiwa wasichana wakafika utu uzima bado wanasukuma jambo hilohilo.

"Angekuwa anaumia kweli, angeondoka."

Si kweli, na ndilo neno lililowaumiza wengi kuliko yote haya. Aondoke aende wapi? Kwao mahari imekwishaliwa. Baba atamwambia rudi, vumilia, hata mama yako alivumilia. Ana watoto watatu, mmoja mgongoni, na nauli hana. Halafu kuna hatari ambayo jirani haioni: tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba siku za kuondoka, na miezi inayofuata, ndizo ambazo mwanamke anaweza kuuawa kuliko wakati mwingine. Mwanamume aliyezoea kushika kamba hukaza anapohisi inamponyoka.

Ndiyo maana mshauri mzoefu hamwulizi mtu "mbona huondoki?" Humwuliza, "Ukiondoka, atafanya nini?" Anayepigwa hulijua jibu kuliko mtu yeyote. Kisha wanaanza maandalizi ya kimyakimya: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kitambulisho, fedha kidogo na nguo chache, vyote vikahifadhiwe kwa mtu ambaye mume hamdhanii. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua mwaka. Kwa anayetazama kwa nje, katika muda wote huo mwanamke "ameridhika".

Sheria nayo ilihitaji kusukumwa. Kwa miaka mingi mke aliyeachika aliondoka na kanga zake, kwa hoja kwamba hakuchangia chochote, alikuwa anapika tu. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwani mahakama iliona kwamba alikwisha kutapanya fedha alizopewa na mumewe. Lakini wanawake wengi waliokuja baada yake wameingia mahakamani na jina lake mkononi.

Wengi pia huogopa ile Bodi ya Usuluhishi wa Ndoa, wakidhani ipo ili kuwarudisha kwa nguvu. Haina uwezo huo. Ikishindwa kuwapatanisha inatoa hati ya kusema hivyo, na hati hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Na sheria ileile ya 1971 inautaja ukatili, wa mwili au wa akili, kuwa miongoni mwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika.

"Pombe ndiyo chanzo."

Nusu kweli. Pombe huongeza kipigo na huongeza majeraha, hilo limeonekana kila palipochunguzwa. Lakini mtazame mlevi huyo tangu jioni. Baa mhudumu kamkosea chenji, kanyamaza. Njiani kampisha askari. Kapita kwa mjumbe, kaamkia vizuri. Amefika kwake, ndipo pombe ikapata mikono. Mtu anayeweza kuchagua wa kumpiga hajapoteza akili yake yote. Na wapo wasiogusa tone, wanaosali mapema, ambao wake zao wanajua kushona kola ndefu na mikono mirefu wakati wa joto.

"Wanaume nao wanapigwa."

Kweli. Wapo, na aibu inawafunga midomo. Kifungu cha 66 kinasema "mwenzi", kwa hiyo kinawalinda. Wapokelewe kituo cha polisi bila kuchekwa. Neno hili huharibika pale tu linapotumika kumnyamazisha mwanamke anayevuja damu.

"Mila ni mila, haibadiliki."

Si kweli, na safari hii upo ushahidi uliopimwa.

Mwaka 1999 mashirika mawili yalianza pande mbili za Ziwa Victoria. Mwanza kulianzishwa Kivulini, jina lililobeba kazi nzima: mahali penye kivuli, chini ya mti, watu wakae wazungumze. Kampala, Lori Michau na Dipak Naker walianzisha Raising Voices, na mwaka 2003 kikazaliwa kituo cha CEDOVIP, ambacho Tina Musuya alikiongoza kwa miaka mingi. Kutokana na uzoefu huo ukatengenezwa mwongozo uliotoka mwaka 2008, na katika jiji la Waganda wakauita kwa Kiswahili: SASA!

Walichokifanya kinaonekana kidogo mpaka ukitazame kwa karibu. Waliwachagua wakazi wa kawaida, wanawake kwa wanaume, wakawapa michoro, michezo ya kuigiza na maswali, wakawaambia wazungumze na wenzao palepale wanapokutana kila siku. Hawakuanza na kipigo. Walianza na nguvu: ni lini wewe ulijisikia huna nguvu? Nani alikuwa nazo juu yako? Wewe unazitumiaje ukiwa nazo? Mwanamume anayedharauliwa na tajiri wake kazini analijibu swali la kwanza bila kusita, na akishalijibu, la tatu linamkuta hana pa kujificha. Waliwaingiza pia polisi, wahudumu wa afya, viongozi wa dini, na masenga, wale mashangazi wa Buganda wanaowafunda wali, kama somo na kungwi wetu. Kama mafunzo ya kuvumilia yanatoka kwa senga, basi ni senga wa kuyabadilisha.

Watafiti walilinganisha jamii 8 za Kampala, katika maeneo ya Rubaga na Makindye, kati ya mwaka 2007 na 2012: 4 zilizopata mwongozo na 4 zilizosubiri. Katika zile zilizoupata, wanawake waliokubali kwamba mume anaweza kumpiga mkewe walikuwa karibu nusu ya wale wa upande wa pili. Kipigo chenyewe, kwa makadirio, kilikuwa chini kwa asilimia 52. Jamii 8 ni chache, na namba hiyo ya pili ina nafasi pana ya kukosea, kwa hiyo siibebi kama hirizi. Lakini mwelekeo wake uko wazi, na ulipatikana kwa chini ya miaka mitatu ya kazi halisi mtaani. Wazee wangapi wametuambia haya hayabadiliki hata vizazi saba?

"Wanaoongoza kazi hii wana majibu tayari, wanachukia wanaume."

Si kweli, na mfano wangu unatoka mbali, Marekani, kwa sababu ndio unaonigusa zaidi.

Ellen Pence alifanya kazi Duluth, mji wa Minnesota kando ya Ziwa Superior. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake waliwaketisha polisi, waendesha mashitaka, mahakimu na nyumba za hifadhi meza moja, ili mwanamke asitupwe kama mpira kutoka ofisi hii hadi ile. Waliwasikiliza wanawake waliopigwa, wakachora kile kinachojulikana dunia nzima kama gurudumu la mabavu na udhibiti: fedha, vitisho, watoto, kutengwa na ndugu, vyote vikiwa njia za kumshika mtu hata siku ambayo hakuna kofi. Mchoro huo umetafsiriwa kwa lugha nyingi na kusafiri nchi nyingi.

Kisha, mwaka 1999, Pence akaandika maneno ambayo kiongozi mwenye jina kubwa huwa hapendi kuyaandika. Alisema kwamba walikwisha kuamua mapema kuwa kila mwanamume anayepiga anatafuta mamlaka juu ya mkewe, na kwamba wanaume wengi waliokaa naye vikaoni hawakusema hivyo. Yeye ndiye alikuwa akiwasisitizia. Walikuwa wakiona kile walichokwenda kukitafuta. Hakuacha kazi, na hakusema kipigo ni halali. Aliendelea hadi alipofariki mwaka 2012, akiwa amejifunza kusikiliza upya. Mtu aliyechukia asingejisahihisha hadharani baada ya miaka karibu 20.

Jambo jingine alilofanya ni kufuata karatasi. Alichukua kesi ya mwanamke mmoja akaifuata tangu simu ya kwanza hadi hukumu, fomu kwa fomu, akiuliza: hapa pameulizwa nini, na nini hakina nafasi ya kuandikwa? Kitu kisicho na nafasi kwenye fomu, ofisi inayofuata haitakiona.

"Karatasi haimwokoi mtu."

Hapo zamani ningesema kweli. Tanzania Bara haina sheria maalumu ya ukatili wa majumbani, ilhali Rwanda ilipata yake mwaka 2008, Uganda 2010, Kenya 2015. Aliyepigwa na mumewe anategemea sheria ya makosa ya jinai ileile ya waliopigana kilabuni, na neno litakaloandikwa na askari wa zamu ndilo litakaloamua kesi itakwenda wapi. Anafungua taarifa, anapewa fomu ya polisi, PF3, anaipeleka hospitali, daktari anajaza majeraha, karatasi inarudi polisi na baadaye mahakamani. Aliyesema "nilianguka bafuni" kwa sababu mume amesimama nyuma yake, ameanguka bafuni hadi mwisho wa kesi. Madawati ya Jinsia na Watoto yalianzishwa ndani ya polisi kwa sababu hiyo, ili mtu asimulie kwenye chumba chenye mlango.

Niliwahi kumsindikiza ndugu yangu mmoja kituoni. Tuliongozana na msaidizi wa kisheria wa kata, mama mtu mzima, kanga mbili, daftari la shule mkononi, na miaka mingi ya kazi hiyo isiyo na mshahara. Askari, binti mdogo tu, alisikiliza huku akiandika. Nikachungulia kitabu. Alikuwa ameandika, "Ugomvi wa kifamilia."

Mama yule akavuta kiti karibu. "Afande, mwanangu," akasema kwa upole, "huyu hakukwambia wamegombana. Alikwambia amepigwa na mpini wa jembe. Mwulize tena, taratibu."

Binti akanyanyua macho, akamtazama ndugu yangu usoni kwa mara ya kwanza tangu tuingie. "Dada, samahani, naomba unieleze tena tokea mwanzo." Akaeleza, mkono wake wa kushoto ukiwa umelazwa mezani kwa sababu haukunjiki. Binti akapiga mstari chini ya yale aliyokuwa ameandika, akaanza mstari mpya: "Shambulio la kudhuru mwili." Kisha akauliza mpini ulikuwa na urefu gani, na sasa uko wapi.